Kadi ya mtandaoni isiyofanana na za wengine, na namna ya kuifikisha ikafunguliwa

Swali la msomaji: Kila mwaka natuma kadi za salamu za mtandaoni kwa watu kama kumi na wawili. Nimechoka na mawaridi yanayometameta na mishumaa inayopepesuka. Nikitafuta nyingine naletewa zilezile kwa majina mapya. Nipate wapi kadi zisizo za kawaida, ikiwezekana za bure? Safari hii nawafikiria watatu hasa: shangazi yangu anayependa ndege na anayetumia simu tu, mkuu wetu wa idara ya uhasibu anayestaafu, na rafiki yangu anayeishi nchi nyingine. Na kwa nini tovuti inanionyesha kwamba kadi zangu mbili za mwisho hazikufunguliwa?

Jibu: Unaletewa zilezile kwa sababu unatafuta kadi. Ukiandika neno hilo kwenye Google, na hasa ukiliongezea "bure", unafika kwenye maduka makubwa machache yanayoligombania, na duka lenye wateja wa kila aina halina budi kuchora kitu kitakachomfaa yeyote: waridi, mshumaa, keki, machweo. Achana na kadi, tafuta picha. Anza na kile anachokipenda mpokeaji, nenda mahali ambapo hawauzi kadi kabisa, pakua picha, kisha weka maneno yako juu yake. Kadi ya kwanza itakuchukua kama nusu saa. Ukifika ya tatu mkono utakuwa umezoea.

Hazina kubwa iko kwenye makumbusho. Rijksmuseum ya Amsterdam ilifungua milango yake ya mtandaoni mwaka 2012 kwa huduma iitwayo Rijksstudio. Februari 2017 Metropolitan Museum of Art ya New York iliachia picha zaidi ya 375,000 za vitu vyake kwa alama ya CC0. Art Institute of Chicago ikafanya hivyo 2018. Na Februari 2020 Smithsonian ya Marekani ikaweka picha milioni 2.8 kwa mpigo. Alama ya CC0 ina maana kwamba unaweza kupakua, kukata, kupaka rangi, kuandika juu yake na kutuma bila kulipa wala kumwomba mtu ruhusa. Hata hivyo, iangalie alama hiyo kwenye ukurasa wa picha yenyewe, usiridhike na tangazo la jumla la makumbusho, kwa kuwa jumba hilohilo lina kazi za wasanii wa karibuni ambazo bado zina hakimiliki. Dalili ya haraka ni kitufe cha kupakua. Kama hakipo, usipige picha ya skrini, tafuta nyingine.

Kutafuta humo kuna ufundi wake. Orodha za makumbusho hayo kwa sehemu kubwa zimeandikwa kwa Kiingereza, nazo zimeandikwa na watu wanaoeleza kinachoonekana. Kwa hiyo andika jina la kitu, usiandike hisia. Ukiandika neno la Kiingereza la "furaha" utapata sanamu za miungu na picha za watu wenye jina hilo. Ukiandika mwavuli, bundi, baiskeli, birika au mkasi, utapata meza nzima ya vitu ambavyo hakuna duka la kadi lingethubutu kuviweka. Ongeza jina la mbinu ya sanaa ukitaka kubana zaidi: chapa za mbao za Kijapani na michoro ya penseli hukubali maandishi kirahisi, maana huwa na nafasi tupu. Picha kubwa za rangi ya mafuta ni nzuri ukutani, lakini kwenye simu hugeuka giza la kahawia.

Sasa tuje kwa shangazi. Mchoraji wa ndege John James Audubon alichapisha michoro 435 ya ndege wa Amerika kati ya 1827 na 1838, kwenye karatasi zenye urefu wa karibu mita 1, kwa sababu alitaka kila ndege aonekane kwa ukubwa wake halisi. Ndiyo maana heroe wake, mchoro wa 431, ameinamisha shingo hadi chini: bila hivyo asingeenea kwenye karatasi. Shirika la National Audubon Society limeweka michoro yote 435 kwenye tovuti yake ipakuliwe bure. Kama shangazi anapenda ndege wa sehemu nyingine za dunia, ingia Biodiversity Heritage Library, maktaba ya vitabu vya kale vya viumbe, utafute kwa jina la kisayansi la ndege huyo. Jina la kawaida hukupoteza, kwa sababu limebadilika mara nyingi tangu vitabu hivyo vichapishwe.

Ukitaka kadi yake isahaulike kwa shida, iongezee sauti. Tovuti ya xeno-canto, iliyoanza 2005, hukusanya sauti za ndege zilizorekodiwa na watu duniani kote. Chukua sekunde 10 hadi 15 za ndege yuleyule wa kwenye mchoro, uziunganishe na picha katika programu yoyote ya kuhariri video kwenye simu. Rekodi nyingi za pale hutolewa kwa sharti la kumtaja aliyerekodi, na baadhi haziruhusu kukatwa wala kuchanganywa na kitu kingine. Sharti limeandikwa kando ya kila rekodi. Jina la mrekodi liandike kwa herufi ndogo chini ya kadi.

Kwa mkuu wa idara, usihangaike na maua wala picha ya saa ya ukutani. Ingia Google Patents utafute hataza za kale, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za vifaa vya kazi yake. Kwa mhasibu ipo zawadi tayari: hataza ya Marekani namba 388,116 ya mwaka 1888, ya mashine ya kujumlisha ya William S. Burroughs, yenye michoro ya magurudumu na vitufe iliyochorwa kwa mkono uliotulia. Pakua faili la PDF, toa ukurasa wa mchoro, geuza rangi ili mistari iwe myeupe juu ya buluu nzito, na chini yake andika kitu kama: "Mahesabu yamefungwa, salio ni shukrani." Kwa mtu aliyekuwa karani wa chapa ungechukua namba 207,559 ya 1878, taipureta ya C. L. Sholes. Mwalimu, fundi cherehani, rubani: kila kazi ina hataza yake. Kasoro moja tu: kurasa hizo zilipigwa skani kwa nyeusi na nyeupe tupu, kwa hiyo mstari mwembamba hukatika ukiikuza picha mno. Tumia kipande kimoja kilichochorwa wazi, si ukurasa mzima.

Kama wenzako wa ofisini wanataka kutia neno, hapo usitengeneze mwenyewe. Kukusanya sentensi za watu kumi na kuzipanga kwenye picha moja ni adhabu. Huduma kama Kudoboard humpa kila mmoja kiungo aandike mahali pake, nawe unafungua siku ikifika. Angalia tu idadi ya ujumbe unaoruhusiwa kabla ya kulipia, na weka mwisho wa kuandika siku mbili kabla ya sherehe, kwa kuwa watu huandika saa ya mwisho uliyowapa, iwe lini.

Rafiki aliye mbali unaweza kumpa jina lake likiwa limeandikwa na dunia yenyewe. NASA ina ukurasa uitwao Your Name in Landsat: unaandika jina, nao unalijenga kwa picha za satelaiti za Landsat, huku kila herufi ikiwa ni mto uliojikunja, ziwa au kisiwa kilichoonekana hivyo kutoka angani. Unajua herufi A hadi Z tu, kwa hiyo jina lenye kiapostrofi utaiongeza mwenyewe baadaye. Ukurasa mwingine wa NASA huonyesha kitu ambacho darubini ya Hubble ilikipiga picha tarehe ya kuzaliwa ya mtu: unachagua mwezi na siku, unapata nyota au galaksi pamoja na mwaka ilipopigwa. Picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, ila nembo yake usiitumie. Jihadhari na ndugu yake, Astronomy Picture of the Day, ukurasa wa picha ya anga ya kila siku ulioanza 16 Juni 1995. Ni hazina nzuri kwa siku za kuzaliwa kwa sababu ina kumbukumbu ya kila tarehe, lakini picha nyingi humo ni mali ya wapiga picha wenyewe. Ukiona neno "Copyright" chini ya picha, tuma kiungo cha ukurasa huo, usichukue nakala. Na kama rafiki yako ana hamu ya alikotoka, mkusanyo wa ramani za kale wa David Rumsey unaweza kuwa na mji wake ulivyochorwa zamani. Matumizi yasiyo ya biashara yanaruhusiwa.

Ukitaka iliyo tayari, zipo chache zenye sura yake. Mchoraji Mwingereza Jacquie Lawson alianza mwaka 2000 kwa kadi ya Krismasi iliyochorwa kwa mkono na kutembea kama katuni, na tovuti yenye jina lake imebaki na utaratibu huo. Hulipiwa kwa mwaka. Paperless Post, ya tangu 2009, hufanya kadi ifanane na karatasi ndani ya bahasha, na inafaa zaidi kwa mialiko. JibJab hubandika uso wa mtu kwenye mwili unaocheza dansi: inachekesha mara ya kwanza, mara ya pili kidogo, na kwa mkuu wa idara hapana. Someecards, ya 2007, ni ya utani mkavu wa Kiingereza; utani huo ukiutafsiri hubaki matusi tu. Mashirika ya uhifadhi kama WWF nayo yamekuwa na kadi za wanyama. Ukitafuta nyingine ndogondogo, andika neno "ecard" pamoja na jina la kitu au mbinu ya sanaa, kisha weka alama ya kutoa mbele ya majina ya maduka makubwa ili Google iyaondoe kwenye majibu.

Orodha za "kadi za ajabu" zilizoandikwa kabla ya 2021 zipite tu. Kadi nyingi za zama hizo zilitengenezwa kwa Flash, programu ya zamani ya picha zinazotembea kwenye tovuti, na kampuni yake Adobe iliacha kuihudumia 31 Desemba 2020. Siku chache baadaye, 12 Januari 2021, programu yenyewe ikaanza kuzuia chochote cha Flash kisifunguke. Zisizotengenezwa upya zimebaki masanduku meupe. Na usishangae kwamba za bure zimepungua. Tovuti ya kadi za bure ya Blue Mountain iliuzwa kwa takriban dola milioni 780 mwaka 1999, ikauzwa tena 2001 kwa dola milioni 35. Matangazo hayakulipa kama ilivyodhaniwa, na tangu hapo wengi wanataka usajili. Ukikubali "majaribio ya bure" yanayodai namba ya kadi ya benki, weka kikumbusho siku mbili kabla hayajaisha, la sivyo utalipia mwaka mzima kwa ajili ya salamu moja.

Kutengeneza kwenyewe si kugumu. Fungua Google Slides au PowerPoint, ingia kwenye mpangilio wa ukurasa, uweke vipimo vyako: pikseli 1080 kwa 1350 kwa kadi ya simu, au 1080 kwa 1080 kwa kadi itakayoonekana ndani ya barua pepe. Ukichagua umbo refu la 1080 kwa 1920, kumbuka kwamba WhatsApp hukata juu na chini inapoonyesha picha ndefu kwenye mazungumzo. Jina la mpokeaji likiwa pale juu, halionekani mpaka aguse. Weka maneno sehemu tulivu ya picha, yaani mbinguni, majini au ukutani, na uache pikseli 80 kila upande. Picha ikikosa sehemu tulivu, weka mstatili mweusi unaoruhusu picha ionekane nusu, chini ya maandishi meupe. Herufi za shangazi zisipungue kimo cha pikseli 60: kwenye skrini ya simu pana kama sentimita 6.5, hizo ni kama milimita 3.6 tu, na ndiyo ndogo kabisa ambayo macho ya mtu mzima huisoma bila miwani kutafutwa. Maneno yasizidi 25. Mengine yaandike kwenye ujumbe unaoandamana na kadi.

Hifadhi kama JPEG. Wengi huchagua PNG kwa kuamini ni safi zaidi, na ni kweli, lakini WhatsApp huibana picha upya unapoituma kama picha, na herufi nyembamba ndizo huumia kwanza. Bonyeza alama ya HD kabla ya kutuma, au itume kama hati, ambayo haibanwi kabisa. Ikiwa kadi inacheza, tengeneza video ya MP4, si GIF. GIF ni umbo la faili la mwaka 1987 lenye rangi 256 tu katika kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo, ndiyo maana anga la machweo hutoka na michirizi kama ngazi, na faili bado huwa zito. Video ya sekunde 20 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde ina megabaiti 5 hivi, mzigo ambao hata mwenye bando dogo hataulalamikia.

Kwa mkuu wa idara jambo ni tofauti, kwani anasoma kwenye kompyuta ya ofisi. Programu za barua pepe za Outlook za Windows za miaka mingi, kuanzia ile ya 2007, huonyesha fremu ya kwanza tu ya GIF. Ukisisitiza kutumia GIF, weka ujumbe mzima kwenye fremu hiyo ya kwanza, vinginevyo ataona ukurasa mtupu uliosimama. Mifumo ya ofisi pia huzuia viungo vya tovuti za burudani na viambatisho vya ajabu. JPEG moja isiyozidi megabaiti 2, iliyowekwa ndani ya mwili wa barua, hupita karibu kila mahali.

Hapo tunafika kwenye swali lako la pili. Kadi za tovuti hazisafiri. Judith Donath wa MIT Media Lab alipoanzisha The Electric Postcard mwaka 1994, mpokeaji aliletewa barua pepe ya kumwambia kwamba kuna kadi inayomsubiri kwenye tovuti, naye akaifuata. Utaratibu ni uleule hadi leo: kinachosafiri ni taarifa, kadi imekaa kwao. Taarifa hiyo ndiyo iliyokwama.

Zamani tovuti iliweza kuiandika kana kwamba imetoka kwenye anwani yako. Aprili 2014 Yahoo iliziagiza seva za dunia nzima zikatae barua yoyote inayojidai imetoka Yahoo ilhali haikutumwa na Yahoo, na AOL, kampuni nyingine ya barua pepe, ikafuata. Tangu hapo tovuti za kadi hutumia anwani zao wenyewe, ambazo mpokeaji hazijui. Barua isiyojulikana yenye picha kubwa na kiungo kimoja ina sura yote ya barua taka. Na watu wana sababu ya kuogopa: mwaka 2007 programu hasidi iliyoitwa Storm ilienezwa kwa barua zilizosema "umepokea kadi kutoka kwa mwanafamilia", na aliyebofya aliambukiza kompyuta yake. Kwa hiyo mpokeaji akiifuta kadi yako bila kuifungua, amefanya jambo la busara.

Lakini pia usiiamini sana hiyo alama ya "haijafunguliwa". Kama tovuti hupima kwa picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua, mtu aliyezima picha anaweza kuisoma yote na bado ukaambiwa hajaiona. Kinyume chake, programu ya Mail ya Apple tangu 2021 inaweza kupakua picha hizo kabla mtu hajagusa kitu, na vichunguzi vya usalama vya ofisini hufungua viungo vyenyewe, kwa hiyo "imefunguliwa" nayo inaweza kuwa uongo.

Dawa ni moja. Kwenye hatua ya mwisho ya kutuma, tafuta kitufe cha kunakili kiungo, chagua hicho badala ya kuandika anwani ya mpokeaji, kisha kitume mwenyewe kwa WhatsApp au barua pepe yako, pamoja na sentensi ambayo tapeli asingeijua. Kwa mfano: "Shikamoo shangazi, ni mimi uliyenifundisha kusuka ukili. Gusa hapa, kuna heroe anakusalimu." Faida ya pili ni kwamba anwani ya shangazi haiingii kwenye orodha ya matangazo ya mtu. Tovuti ikitaka kusoma orodha yote ya namba zako ili "kukurahisishia", kataa. Na mwambie kabisa kwamba kadi ya kweli haimtaki mtu apakue programu wala aandike nenosiri. Faili lenye mwisho wa .apk au .exe ni programu, si kadi. Kama ina sauti, mwambie pia aguse picha: Chrome tangu toleo la 66 la Aprili 2018 kwa kawaida huzuia sauti isianze yenyewe, na wengi hudhani kadi ni bubu.

Angalia nayo itakaa siku ngapi. Tovuti nyingi hufuta kadi baada ya muda, na mtu aliyekuwa safarini hukuta kiungo mfu. Ile uliyoitengeneza mwenyewe haina shida hiyo, kwa kuwa iko kwenye simu yake.

Ukipanga kadi iende baadaye, hakikisha tarehe. Tovuti za Marekani huandika mwezi kwanza, kwa hiyo 03/07 kwao ni tarehe 7 Machi, si 3 Julai. Chagua kwenye kalenda yao badala ya kuandika tarakimu. Saa nayo inaweza kuwa ya kwao. Kwa rafiki aliye nchi nyingine, Gmail imekuwa na uwezo wa kupanga muda wa kutuma tangu 2019, ila hufuata saa yako wewe: hesabu tofauti ya saa kati yenu kwanza, ndipo uweke muda. Kabla ya yote hayo jitumie kadi mwenyewe, uifungue kwenye simu uliyoipunguza mwanga, ukiwa umeishika mbali kidogo na uso. Neno lolote ambalo hukulisoma mara moja, likuze au liondoe.